Jibu: Mhusika mkuu ni Will, ila usimwondoe Jack

Mkuu, umeuliza kwa nini filamu ya kwanza ya Pirates of the Caribbean (2003) inamhusu haramia Jack Sparrow lakini ukiifuatilia hadithi unajikuta ukimfuata Will Turner. Hujakosea. Anayebadilika ni Will: anaanza kama mhunzi mtiifu anayewachukia maharamia, anaishia kumtorosha mmoja wao kitanzini. Jack anaondoka vilevile alivyokuja. Kazi yake ni kuvuruga mipango ya kila mtu.

Kinachoisukuma hadithi ni uongo mmoja mdogo. Elizabeth, msichana anayependwa na Will, anatekwa na maharamia na, akificha kwamba ni binti wa gavana, anajitambulisha kwa jina la Turner, ukoo wa Will. Barbossa, nahodha wa maharamia hao waliolaaniwa wasife kwa kuiba sarafu za dhahabu, anaamini damu ya Elizabeth ndiyo inayotakiwa kuvunja laana. Anamkata kiganja, sarafu inatumbukia sandukuni, kimya. Ili kuhakikisha, anampiga risasi mmoja wa watu wake, na jamaa bado amesimama! Hapo ndipo Will, Turner halisi, anageuka kuwa mali, na kila upande unamtaka.

Kisha angalia bastola ya Jack. Tangu pambano la kwenye karakana, anapokataa kumalizia risasi yake moja kwa Will, tunaachwa tukijiuliza anamwekea nani. Inapompiga Barbossa mwishoni, Barbossa anamcheka, eti ameipoteza bure. Wakati huohuo Will anadondosha sarafu zilizopakwa damu, laana inavunjika, na doa jekundu linaanza kuenea kifuani mwa Barbossa. Tufaha linamponyoka mkononi.

Mapigano ya katikati baharini ni marefu mno kwangu, ila hayo mengine yamefungwa vizuri.