Maswali yenu: herufi za siriali zinapotelea wapi?

Wiki hii meseji karibu zote ni za poti ya siriali (mlango wa kutuma herufi biti moja moja) kwenye FreeRTOS, ile programu ndogo inayogawa zamu za kazi, yaani taski, ndani ya bodi, basi najibu nilizoweza.

Ami, nimeunga TX (pini ya kutuma) na RX (ya kupokea) za bodi hiyohiyo, nikatuma "salama" ikarudi "salama". Si poti iko sawa basi? – Wa Shela

Iko sawa nusu, mwanangu. Hapo bodi inajisemesha yenyewe, na anayejisemesha atakosaje kujielewa! Hata spidi ukiwa umeiweka kombo, kutuma na kupokea kunafuata saa ileile iliyokosea kwa hiyo huoni kitu. Hilo jaribio lifanye ujue pini zi hai, kisha unga laptopu kwa kebo ya USB ya siriali ya volti 3.3, TX kwa RX, RX kwa TX, na grandi kwa grandi, hii grandi ndiyo watu husahau afu wananipigia simu usiku. Tuma herufi U kubwa mfululizo. Mbona U? Manake biti zake ukijumlisha ya kuanzia na ya kumalizia zinapishana sifuri moja sifuri moja hadi mwisho, mwenye osiloskopu ataona mawimbi yamelingana, kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde yatakuwa mawimbi 4800 kwa sekunde. Ukipata 4500 saa yako imepotoka, hiyo ni asilimia 6 na mimi zaidi ya 2 siikubali.

Fundi, GPS ya boti nikiisoma peke yake safi, nikiwasha na skrini sentensi zinakatika. GPS imekufa? – Wa Mokowe

Usitupe GPS ya watu! Mimi yalinikuta kwenye mashua ya ami yangu, nikabadilisha kebo mara mbili, nikalaumu chumvi ya bahari, kumbe ni mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeweka printf (amri ya kuandika maneno, ya polepole) ndani ya intarapti (kipande cha kodi kinachokatiza kazi nyengine herufi ikifika).

GPS nyingi za boti zinatuma sentensi za NMEA 0183 (lugha ya vyombo vya baharini) kwa biti 4800 kwa sekunde, kila herufi inakula biti kumi, yaani herufi 480 kwa sekunde, mwendo wa punda kabisa. Sasa taski ya skrini ikishikilia prosesa milisekunde 50, herufi kama 24 zimeshafika mlangoni, na kama taski yako ndiyo inayozunguka kuchungulia rejista (kisanduku cha herufi iliyofika), herufi ya pili inaikalia ya kwanza na hakuna anayekwambia. Dawa ni hii: intarapti ichukue herufi, iitie kwenye foleni kwa xQueueSendFromISR (si xQueueSend, hiyo ni ya taski), itoke. Basi, isifanye kazi nyengine. Taski ya kusoma ilale ikisubiri foleni, na kipaumbele chake kiwe juu ya skrini. Sentensi haizidi herufi 82, foleni ya 128 inatosha.

Afu ujaribu mambo yote yakiwa yamewashwa, skrini, redio, kila kitu, usiku kucha. Kila sentensi ina tarakimu mbili za heksi (0 hadi 9, A hadi F) baada ya nyota, ni XOR (hesabu ya biti ya kukagua makosa) ya herufi zote baina ya alama ya dola na nyota, wewe hesabu ngapi zimekubali na ngapi zimekataa. Jaribio la dakika mbili mezani halijakwambia kitu.

Nijaribu kwa 115200 ndio iwe ngumu? – Wa Malindi

Jaribu kwa spidi ya kazini. 115200 ni herufi 11520 kwa sekunde, kila moja mikrosekunde 87, kama kifaa chako ni cha 9600 unajitesa bure.

Nilichomeka bodi ya volti 3.3 moja kwa moja kwenye ile poti ya pini tisa ya kompyuta ya zamani, sasa imenyamaza. – Dada wa Langoni

Pole dada. Ile ni RS-232, volti zake zinaweza kufika 15 juu na 15 chini ya sifuri, katikati hapo palitakiwa chipu kama MAX3232. Niletee kesho baada ya alasiri, tuone kama kuna pini iliyosalimika.