Kiingereza hakiji chenyewe, mdogo wangu

Mdogo wangu, ile voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza kwenye basi nikitoka shifti ya usiku, nimefika nyumbani nimeirudia tena. Unasema wakala kakwambia uuze kiwanja cha Chanika umlipe, atakuleta Uingereza kulea wazee, na Kiingereza kisikutie hofu maana ukikaa miezi mitatu kinakuja chenyewe, "muulize dada yako". Nimekasirika. Siyo wewe, ni huyo anayenifanya mimi tangazo la biashara yake wakati hanijui hata sura.

La kiwanja nalimaliza hapa hapa: usiuze. Kuajiri walezi wapya kutoka nje kumefungwa tangu tarehe 22 Julai 2025, na viza ya Skilled Worker, ile ya kazi za ujuzi, kuanzia Januari 2026 wameipandishia kiwango cha Kiingereza kutoka B1, cha kati, hadi B2, cha juu zaidi. Hiyo njia niliyopitia mimi haipo tena, sasa yeye atakupitisha wapi?

Haya, Kiingereza. Mimi nilikuja na IELTS safi, ule mtihani wa Kiingereza, unakumbuka mama alivyopiga vigelegele. Sehemu yake ya kuongea ni dakika 11 mpaka 14, mtu anakuuliza wewe unajibu. Unajibu tu. Kuuliza hakuna anayekupima, na mimi kilichoniangusha ni kuuliza.

Wiki yangu ya tatu hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, simu ya ofisini ikalia usiku, mwanamke anaulizia hali ya mama yake tunayemlea pale. Habari za mzee huwezi kumpa mtu usiyemjua, kwa hiyo nikamwuliza, tena kwa adabu zote, sauti ya chini kama naongea na shangazi: "You are who?" Kimya. Nikadhani hajasikia, nikaongeza, "You are calling from where?" Akakata. Asubuhi malalamiko yako mezani kwa meneja, kwamba mlezi wa usiku kamhoji kama mwizi.

Nikatolewa kwenye simu. Miezi minne. Simu inalia nimekaa pembeni yake, inabidi niinuke niende koridoni kumwita binti wa miaka 19 aje apokee, mimi niliyesimama mbele ya darasa miaka tisa, mwenye watoto wawili. Mama sijawahi kumwambia hili na wewe usimwambie.

Na hakuna aliyenieleza nimekosea wapi. Nimekuja kuligundua mwenyewe jikoni, dada mmoja anamwambia mwenzake nimeuza gari, mwenzake macho yamemtoka, "You've sold WHAT?" Nikabaki nimeshika kikombe. Kumbe mpangilio wangu wanao! Sisi neno la kuuliza tunaliacha pale pale jibu litakapokaa, unaenda wapi, naenda sokoni, unataka nini, nataka chai. Ukiyabeba maneno kama yalivyo unapata "You are going where?", "You want what?" Waingereza nao wanasema hivyo, ila wakishtuka, au wakiwa hawaamini walichosikia, au anayeuliza ni mtu wa kumhoji mwenzie. Ndiyo maana inauma hivi. Ukisema "I like very much tea" wanajua huyu mgeni, wanatabasamu, mnaendelea. Lakini ukisema "You are who?" hawasikii kosa la mgeni, wanasikia dharau. Heshima yako yote uliyoiweka kwenye sauti inapotea kwa sababu neno moja limekaa nyuma badala ya mbele.

Basi nikaanza kugeuza kila kitu, nako kuna shimo. "Where is she?" sawa, lakini ukianza na "Do you know" inatakiwa irudi, "where she is". Karibu mwaka mzima nilikuwa nasema "Do you know where is she" na hakuna aliyenisahihisha.

Halafu wenyewe sasa. Wazee wa huku Kaskazini wanasema "He's a good lad, is my son." "Lovely, that tea." Anayezungumziwa anatajwa mwisho, kama sisi tunavyosema ameshafika baba yako. Tena wanasema "Give it me", bila "to". Nikapenda, nikajisikia nyumbani kabisa, siku moja nikamwambia supavaiza "Give it me" akanisahihisha mbele za watu, "Give it to me". Kabla zamu haijaisha nikamsikia yeye mwenyewe anamwambia mzee mmoja "give it me, love". Hilo liliniuma kuliko la simu. Maneno matatu yale yale, kwake lafudhi ya kwao, kwangu kosa.

Kwa hiyo achana na vitabu vya grama, sikiliza watu wanavyoongea. Hapana, subiri, vitabu shika, ila fungua sehemu ya maswali tu, uzungumze kwa sauti mpaka mdomo uzoee. Mimi "Could I ask who's calling, please?" niliikariri kwenye basi, kwenda na kurudi, na siku waliponirudishia simu kwa sababu watu walikuwa pungufu mikono ilitetemeka lakini ikatoka.

Usije, mdogo wangu. Baridi utaizoea, hii ya kusikika mkorofi wakati moyoni una adabu sidhani kama nimeizoea. Lakini ukimaliza unesi wako ukapata njia ya halali, njoo, chumba kipo na koti langu la zamani ninalo. Huyo wakala mblock leo.

Jumapili nipo off. Nipigie saa tatu usiku ya huko, tunaongea Kiingereza, na wewe ndiyo uwe unauliza.