Mzee kaombwa damu na mate kwa utafiti wa tezi dume: kwa nini nasema asaini, na ya kuuliza kabla ya kusaini

Mkuu, nimesoma uzi wako pamoja na majibu yote yaliyotangulia. Kwa atakayeanzia hapa: mzee wa mleta uzi ana miaka 67, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imepanda, amepangiwa kuchukuliwa vinyama vya tezi dume, yaani vipande vidogo vinavyotolewa kwa sindano na kupimwa maabara, wiki ijayo. Muuguzi wa kliniki amemwomba pia atoe damu na mate kwa utafiti wa saratani ya tezi dume unaoshirikisha nchi kadhaa. Fomu ya ridhaa ina kurasa nyingi, baba mdogo anasema damu inakwenda kuuzwa Ulaya, na mtoto mkubwa ndiye anayesubiriwa aseme neno.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa kliniki ya mkojo kwenye hospitali moja ya rufaa, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo: kukaa na wazee, kuwasomea fomu, kuwahoji, kuwatoa damu. Mradi wenyewe ulishakwisha na sina ninacholipwa kwa kukushawishi. Ushauri wangu ni kwamba mzee asaini, lakini apate kwanza majibu ya maswali nitakayoyataja huko mbele.

Tutenganishe mambo mawili ambayo naona yamechanganywa humu. Vinyama ni vya matibabu yake. Bila vinyama daktari hawezi kujua kama ni saratani au ni tezi iliyovimba tu kwa umri, maana PSA peke yake haisemi hivyo. Takwimu wanazotoa Waingereza ni kwamba kati ya wanaume 4 wenye PSA iliyopanda, 3 hawakutwi na saratani. Maambukizi ya mkojo yanaipandisha, mpira wa mkojo unaipandisha, hata tendo la ndoa siku moja au mbili kabla ya kipimo linaweza kuisogeza. Kwa hiyo kama mzee aliwekewa mpira au alitibiwa UTI hivi karibuni, mwambieni daktari kabla ya siku ya vinyama. Damu na mate ndivyo vya utafiti. Akikataa, vinyama vitachukuliwa vilevile, dawa atapewa vilevile, na foleni yake haiguswi. Nimewaona wazee wakitaka kusaini upesi upesi kwa kuogopa kunyimwa huduma. Hao tulikuwa tunawarudisha kwenye kiti tunaanza upya, kwa sababu saini ya woga si ridhaa.

Sasa swali lako lenyewe: wanataka damu yetu ya nini?

Saratani ya tezi dume inaelemea zaidi wanaume wenye asili ya Afrika. Uingereza walipopiga hesabu, mwanamume mweusi 1 kati ya 4 hugunduliwa kuwa nayo katika maisha yake. Kwa weupe ni 1 kati ya 8. Sehemu ya sababu imo kwenye jeni, na sehemu hiyo haiwezi kupatikana na hospitali moja. Ugonjwa huu hausababishwi na jeni moja kubwa kwa watu wengi. Ni mamia ya tofauti ndogo ndogo, kila moja ikiongeza hatari kidogo. Ili kuiona tofauti ndogo kama hiyo unahitaji maelfu ya wagonjwa na maelfu ya wasio wagonjwa, ndiyo maana watafiti wanaunganisha sampuli kutoka nchi nyingi. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya muungano wa namna hiyo: wagonjwa 156,319 na wasio wagonjwa 788,443, wakapata sehemu 451 kwenye vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu. Katika wagonjwa wote hao, wenye asili ya Afrika hawakufika 20,000, na wengi wao wanaishi Marekani.

Ona matokeo yake kwa mtu kama mzee wako. Mwaka 2025 Waingereza walichapisha utafiti unaoitwa BARCODE1. Walichukua mate ya wanaume zaidi ya 6,000 wa miaka 55 hadi 69, wakahesabu alama ya hatari kwa kutumia tofauti 130 za vinasaba, kisha asilimia 10 waliopata alama za juu wakaitwa kwa MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) na vinyama. Waliokubali kupimwa walikuwa 468, na 187 wakakutwa na saratani. Baadhi yao PSA isingewakamata. Ni kazi nzuri sana na naiheshimu. Lakini wote walikuwa na asili ya Ulaya, na alama yenyewe ilitengenezwa kwa vinasaba vya Ulaya. Ukimpima mzee wetu kwa alama hiyo umemvalisha suti iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Upande wa pili upo mfano wa hapa hapa kwetu. Tangu 2006 inajulikana kwamba kipande fulani cha kromosomu ya 8, wanakiita 8q24, kina uhusiano mkubwa na saratani ya tezi dume. Walipochunguza wanaume wa Uganda, wagonjwa na wasio wagonjwa, pamoja na Wamarekani weusi, ilionekana tofauti moja katika kipande hicho ambayo kwa Wazungu karibu haipo kabisa, na kwa mwenye nayo hatari huongezeka kama mara mbili au zaidi. Mwaka 2024 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 3,963 na wasio wagonjwa 3,509 kutoka Ghana, Nigeria, Senegal, Afrika Kusini na Uganda. Ulipata tofauti nyingine ambazo ni za Waafrika tu, na ukaonyesha kwamba hata ndani ya Afrika hatufanani: kinachoongeza hatari sana magharibi si lazima kiongeze hivyo hivyo mashariki. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba "Waafrika tayari wameshapimwa", muulize Waafrika wa wapi.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema mzee asaini. Vipimo vya miaka ijayo vinatengenezwa sasa, na ambaye damu yake haimo kwenye hesabu hatapimwa vizuri na vipimo hivyo.

Nije kwenye mahojiano, kwa sababu wengi wanadhani utafiti ni sindano tu. Kuna dodoso refu: umri, kabila la baba na mama, kazi aliyofanya, sigara, chakula, dalili za mkojo. Panapokwama kila mara ni historia ya ukoo. Ukimuuliza mzee baba yake alikufa kwa nini, atakwambia "mkojo ulifunga", au "ngiri", au "mgongo ulimlaza miaka miwili", au kwamba alirogwa na jirani wa shamba. Wakati ule hakuna aliyempima babu, hakuna cheti, na aliyekuwa anajua kafa. Lakini ukitulia naye, ukauliza kama marehemu alikuwa anaamka usiku mara nyingi, kama mkojo ulikuwa unakatika, kama mwishoni alilalamika mifupa ya kiuno na mapaja, picha inaanza kujitokeza. Saratani ya tezi dume ikitoka nje ya tezi hupenda kwenda kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga. Wagonjwa wetu wengi waliletwa tayari wamefika hapo, baada ya miezi mingi ya kuchuliwa mgongo na kunywa dawa za maumivu. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu katika wazee hao wapo ambao walishakwenda kituo cha afya kwa tatizo la mkojo, wakapewa antibaiotiki na kurudishwa nyumbani bila kupimwa PSA.

Basi kabla ya siku ya mahojiano, wewe kaa na shangazi zako na huyo baba mdogo, ulizia babu na ndugu zake waliondokaje. Shangazi ndio wanaojua, kwa kuwa ndio waliouguza. Maelezo hayo yatasaidia utafiti, ila yatawasaidia zaidi ninyi wenyewe.

Kuhusu baba mdogo na damu kuuzwa: msimkejeli. Historia ya sampuli kutoka Afrika kuondoka bila maelezo ipo kweli, na mashaka yake yana asili. Majibu yapo kwenye utaratibu, na mna haki ya kuuona. Kwa Tanzania, utafiti wa afya wa namna hii lazima uwe na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kenya kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, Uganda na UNCST, ambavyo ni vyombo vya taifa vya sayansi na teknolojia, na kamati za maadili hupitia kila ukurasa. Sampuli ikivuka mpaka kunatakiwa mkataba wa kuhamisha sampuli unaotaja inakwenda wapi, kufanya nini, nani ataitumia na kilichobaki kitafanywaje. Muulizeni muuguzi: namba ya kibali ni ipi, damu itapimwa hapa au nje, itahifadhiwa miaka mingapi, itatumika kwa saratani hii tu au kwa tafiti nyingine baadaye, na simu ya kamati ya maadili ni ipi. Muuguzi anayejua kazi yake hatachukia, atafungua ukurasa na kuwaonyesha. Akibabaika au akisema "saini tu mzee", ahirisheni. Mkumbuke pia kwamba mzee anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Pesa atakayopewa iwe ya nauli na pengine chai. Mahali wanaponunua damu kwa bei kubwa, ondokeni.

Kingine ambacho fomu husema kwa maneno magumu: je, majibu ya vinasaba yatarudi kwake? Mara nyingi hayarudi, na ni vizuri mzee alijue hilo mapema asije akasubiri simu ambayo haitapigwa. Lakini ulizeni mahsusi kuhusu BRCA2. Hii ni jeni ambayo ikiwa na hitilafu huleta saratani ya tezi dume iliyo kali zaidi, na hitilafu hiyo hiyo huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari kwa wanawake wa ukoo. Kwa hiyo inawahusu na dada zako. Baadhi ya miradi hukubali kumrudishia mtu jibu la aina hii akiomba kwenye fomu. Kuna kisanduku cha kuweka alama, na wengi hukiruka.

Msishangae pia wakichukua namba za simu za ndugu wawili na kupiga baada ya miaka. Utafiti wa tezi dume unahitaji subira kuliko magonjwa mengi, kwa kuwa uvimbe wenyewe unaweza kukua taratibu mno. Wazungu walianza mwaka 1993 utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya unaoitwa ERSPC, wanaume zaidi ya 160,000, wengine wakialikwa kupima PSA na wengine wasialikwe. Mwaka 2009 walisema ili kuzuia kifo 1 ilibidi kualika wanaume 1,410 na kutibu 48. Wengi wakakata tamaa, wakasema kipimo hakina maana. Wao wakaendelea kufuatilia watu wale wale, na mwaka 2025, baada ya miaka 23 ya ufuatiliaji, hesabu ikawa kifo 1 kilichozuiwa kwa kila 456 walioalikwa na 12 waliogunduliwa. Kipimo kilikuwa kile kile. Kilichobadilisha hesabu ni muda. Kwa hiyo simu ikipigwa kuulizwa mzee yupo na anaendeleaje, pokeeni. Mtu akipotea kwenye ufuatiliaji, ile damu aliyotoa inapoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Na wewe mleta uzi, ukiombwa kuingia kama mtu asiye mgonjwa, usishangae. Bila kundi linganishi hakuna utafiti, na kulipata ni kazi kuliko kuwapata wagonjwa, maana mwanamume mzima hana haja ya kukanyaga kliniki ya mkojo. Kwa kawaida hutafutwa wa umri unaokaribiana na wagonjwa, kwa hiyo baba mdogo anaweza kufaa kuliko wewe, akishatuliza moyo.

Kuhusu vinyama vya wiki ijayo: ulizeni kama MRI inaweza kupatikana kabla. Mwaka 2018 utafiti wa vituo 25 katika nchi 11, wanaume 500, ulionyesha kwamba kuanza na MRI kunakamata saratani hatari nyingi zaidi, asilimia 38 dhidi ya 26, na zaidi ya robo ya walioanza na MRI hawakuhitaji sindano kabisa. Najua bei yake na najua haipo kila mahali. Ikishindikana, vinyama visiahirishwe kwa ajili hiyo.

Mzee akikutwa nayo, wewe na kaka zako hatari yenu ni kama mara mbili ya mtu asiye na historia hiyo. Mkifika miaka 45 muwe mmeshazungumza na daktari kuhusu PSA. Ni kipimo cha damu, wala hakianzi na kidole kama watu wanavyotishana humu.

Majibu ya vinyama yakitoka, weka hapa alama ya Gleason (inayoonyesha ukali wa saratani), PSA ilivyokuwa, na vipande vingapi vimekutwa na ugonjwa kati ya vingapi vilivyochukuliwa. Jina la mzee na la hospitali usiweke. Nitayapitia na kukwambia maswali ya kwenda nayo kliniki.