Kula kwa sababu ya mawazo: jibu kwa dada wa Kadutu, Bukavu

Dada, umeuliza kama mdogo wako "hana nia", kwa kuwa mchana anashika masharti ya daktari ya chakula halafu usiku, mawazo yakimzidi, anamaliza mikate na chai ya sukari. Hapana, si uvivu. Msongo wa muda mrefu hupandisha homoni ya kortisoli, na kwa watu wengi hiyo huamsha hamu ya vitamu na vya mafuta. Ila mimi naogopa zaidi ule mchana wake: anayeshinda na njaa, jioni hana breki. Kwa hiyo nisingeanza na kumkataza mikate. Ningeanza na sahani ya kweli saa sita: sombe (majani ya muhogo), sambaza (samaki wadogo wa ziwa), maharagwe, fufu kiasi.

Aandike pia kwenye daftari alikula saa ngapi na alikuwa anajisikiaje. Njaa ya tumbo huja polepole na inakubali hata viazi. Ile ya moyo huja ghafla na inataka kitu kimoja tu.

Kama anakula kingi mno kwa muda mfupi na hawezi kujizuia, angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3, huo ni ugonjwa, umo kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili tangu 2013. Tiba ya mazungumzo husaidia. SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapo Bukavu, si ya "vichaa" tu, watu waseme watakavyo. Na muulize anameza dawa gani: amitriptilini, dawa ya sonona (huzuni kali), kwa mfano, huweza kuongeza uzito. Asiiache bila daktari.