Re: Askari wa akiba anaweza kupewa nishani ya uongozi?

Ndugu wa Kasulu, umeuliza kama nishani ni za wanajeshi wa kudumu tu. Hapana. Msome Leigh Ann Hester wa Marekani, sajenti wa polisi jeshi katika Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba, wa jimbo la Kentucky, aliyewahi kusimamia duka la viatu. Tarehe 20 Machi 2005, karibu na Salman Pak, Iraq, msafara waliousindikiza ulivamiwa. Akaipeleka timu yake ubavuni mwa adui, kisha akaingia handakini na kiongozi wake. Akatunukiwa Nyota ya Fedha, nishani ya Marekani ya ushujaa vitani, akiwa mwanajeshi wa kwanza mwanamke kuipata tangu Vita vya Pili vya Dunia.

Mimi ni mgambo hapa Ujiji. Kwata tulijifunza na bunduki za mbao. Kisa chake kinanipa moyo sana, kaka.