Msiahidi saa ya kufika: safari ya sikukuu na watoto wadogo

SWALI: Dada habari za kazi, naomba unisaidie haraka mana wikiendi ya sikukuu ndo hiyo inakuja. Tunasafiri na gari letu kwenda kwa mama mkwe, kama kilomita 480 hivi, watoto ni watatu, wa miaka 6, wa miaka 3 na bebi wa miezi 7. Safari iliyopita ilikuwa mateso, mkubwa alitapika mara nne, wa kati analia anataka kushuka, mume wangu hataki kusimama anasema tutachelewa, tukafika tumenuniana hadi ndugu wakashtuka. Safari hii mume anataka tutoke saa tisa usiku ili watoto walale njia nzima, na mama yake ameshaambiwa tutakula nae mchana. Bebi nae, mume anasema nimpakate tu, kiti chake kinajaza gari. Wifi nae kanishauri niwape ile dawa ya mafua inayoleta usingizi ili watulie. Nishike lipi? – Mama wa watatu

JIBU: Mama wa watatu pole sana. Nianze na kitu ambacho hujakiuliza, ila mimi naona ndo kinawaharibia safari, hiyo ahadi ya chakula cha mchana. Mkishamwambia mtu mzima anawasubiri saa fulani, kuanzia hapo kila mtoto akitaka kukojoa inakuwa kama kosa, baba anakanyaga mafuta, mama anamfokea wa miaka 3 ambaye kwa kweli hajafanya lolote zaidi ya kuwa na miaka 3. Hebu tupige hesabu pamoja. Kilomita 480, ukienda wastani wa 80 kwa saa, ni masaa 6 gari likitembea tu. Na bebi wa miezi 7 msimame kila baada ya kama masaa 2, nusu saa kila kituo, vituo viwili hiyo ni saa moja, weka na saa moja ya dharura, tayari masaa 8, na hapo sijagusa foleni ya sikukuu ambapo kila mtu anasafiri siku hiyohiyo. Kwa hiyo mpigie mama mkwe leo, umwambie kwa heshima kabisa, mama tutafika jioni, msitusubiri kula. Ukiwahi utakuwa umemfurahisha, ukichelewa hakuna aliyekosewa. Tena apige mume mwenyewe, ni mama yake, akishatoa hiyo kauli kwa mdomo wake hatakuwa na haraka ya kumkimbiza mtu.

Sasa saa tisa usiku. Namwelewa mumeo, watoto kweli watalala, shida ni kwamba na yeye mwili wake unataka kulala. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi ndo usingizi unapombana binadamu kuliko muda mwingine wowote, na kama kashinda kazini, jioni kapakia mizigo, akalala saa nne akaamka saa nane, huyo anaingia barabarani na masaa manne tu ya usingizi. Usingizi wa kwenye usukani hauji kama ule wa kitandani, unakuja sekunde 3 au 4 macho yakiwa hata hayajafumba vizuri na mtu hajui kama amelala. Kwa spidi ya 100, sekunde 4 ni zaidi ya mita 110, yaani urefu wa uwanja wa mpira na chenji, gari linajiendea lenyewe. Nalisema hili kwa uchungu mana nimewahi kukaa siti ya mbele pembeni ya shemeji yangu alfajiri, watoto wote wamelala nyuma, nikaona tairi zinahamia upande wa pili taratibu, nikamwita jina akashtuka. Tulipona. Tangu siku hiyo sisafiri tena hiyo saa na mtoto, hata nibembelezwe vipi. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakusaidii, kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kinachosaidia ni kupaki sehemu salama na kulala dakika 15 hadi 20. Mlale mapema nyote, mizigo iwe kwenye buti tangu jana yake, mtoke saa kumi na mbili asubuhi. Na kama na wewe unaendesha, mpokezane.

Kumpakata bebi hapana, na hapa sitaki kulainisha maneno. Mtoto wa kilo 9, gari likigonga kitu kwa spidi ya 50 tu, anavutwa mbele kwa nguvu inayozidi kilo 100, hakuna mikono ya mama duniani inayoshika hiyo hata kama unampenda kuliko roho yako. Na usije ukajifunga nae mkanda mmoja, mwili wako ndo utamkandamiza. Kiti chake kikae nyuma na yeye aangalie nyuma, kwa sababu umri huo kichwa ni kizito na shingo bado laini, akiangalia nyuma ule mshtuko unapokelewa na kiti kuanzia mgongoni hadi kichwani badala ya shingo peke yake. Wala kisiwekwe siti ya mbele yenye eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi. Makoti manene avuliwe, mkanda ukazwe mpaka ukijaribu kufinya kitambaa chake begani vidole viteleze, baridi ikizidi mfunike blanketi juu ya mkanda. Wa miaka 3 nae kiti chake. Wa miaka 6 bado anahitaji kile cha kumuinua, ili mkanda upite begani na kwenye nyonga, sio shingoni na tumboni. Kama viti vinajaza gari basi punguzeni mabegi.

Hiyo dawa ya wifi irudishe kabatini. Najua alishauri kwa nia njema, ni ushauri unaozunguka sana kwa wamama, lakini dawa hizo kwa mtoto mchanga zinaweza kupunguza hata kupumua, na we upo mbele huoni kama kalala au kuna tatizo. Uingereza na Kanada wameshasema dawa za mafua na kikohozi za kununua dukani asipewe kabisa mtoto chini ya miaka 6. Dawa haitolewi kwa ajili ya kumtuliza mtoto, inatolewa kwa ugonjwa, basi.

Huyo anayetapika ndo kuna mengi ya kufanya. Kutapika kwa gari kunawapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12, sababu ni kwamba sikio la ndani linauambia ubongo tunatembea, macho yaliyoganda kwenye simu yanasema tumetulia, ubongo unachanganyikiwa na tumbo linalipa. Kwa hiyo simu na vitabu vya kuchora kwake hapana, akae pale anapoona barabara ya mbele, mpe kazi ya kuhesabu malori au kutafuta magari ya rangi fulani mbali huko. Asiingie na tumbo tupu wala lililojaa mafuta, kitu kikavu kidogo na maji ya kunywa kidogokidogo inatosha. Hewa iingie, manukato yasipulizwe ndani ya gari. Akianza kunyamaza ghafla, kupauka na kupiga miayo, simameni hapohapo penye usalama, usisubiri aseme. Na kama hata hivyo anatapika, nenda kwa mfamasia ukiwa na umri na uzito wake, zipo dawa za kazi hiyo zinazotolewa kabla ya kuanza safari. Weka karibu na mkono, sio kwenye buti, mifuko isiyovuja, taulo, nguo za kubadili za kila mtoto na yako pia, hii ya kwako ndo watu husahau.

Mkisimama watoto wakimbie kweli, mbali na barabara, na bebi anyonye hapo, sio gari likiwa linatembea. Vitu vya kukaba kama karanga, pipi ngumu na zabibu nzima visiliwe njiani. Na hata kama mnanunua maji tu, usiache mtoto garini, gari lililofungwa juani linapanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 na mwili wa mtoto unapata joto haraka mara 3 hadi 5 kuliko wa mtu mzima.

SWALI: Dada, pacha wangu wa mwaka mmoja na miezi miwili tukifika kwa ndugu wananing'ang'ania miguu, wanalia wakibebwa, shangazi zao wanasema nimewadekeza. Naona aibu. – Baba pacha

JIBU: Baba pacha hujawadekeza. Kuogopa sura ngeni kunaanza kama kwenye miezi 6 hadi 9 na kwa wengi kunaendelea mpaka karibu miaka 2, ni ishara kwamba mtoto ameshajua nani ni wake. Ukifika, usiwakabidhi mlangoni. Kaa chini nao dakika 20 hivi, shangazi akae karibu aongee na wewe bila kuwakazia macho, awe ameshika kitu cha kuchezea, wataenda wenyewe. Kabla ya safari waonyeshe picha za hao ndugu na uwataje majina, piga simu ya video mara mbili tatu. Halafu ukishaingia tu, kabla hata hujaketi, angalia dawa za bibi zimewekwa wapi, mana nyumba isiyo na watoto wadogo vidonge huwa kwenye mkoba au juu ya kimeza cha kitandani, na betri ndogo za duara za rimoti, na ndoo za maji. Omba kwa upole viinuliwe juu. Hakuna bibi atakayekasirika kwa hilo, na akikasirika atapoa kabla hamjaondoka.