Maswali ya Wasomaji: Safari ya Kocha Mkuu wa Futiboli ya Vyuo Vikuu Marekani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: kazi ya kocha mkuu katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Tunazungumzia mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, wachezaji wakiwa wamevaa kofia ngumu. Si soka yetu. Waulizaji wengine wako Afrika Mashariki, wengine wanaishi hukohuko Marekani na watoto wao wameshaingia timu za shule.

Nasikia kocha wa chuo kikuu Marekani anaweza kulipwa kuliko gavana wa jimbo. Mtu anafikaje pale? Ni lazima awe alikuwa mchezaji nyota?
*Msomaji, Kigamboni*

Kuhusu mshahara umesikia sawa. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa chuo kikuu cha jimbo, wa futiboli au wa mpira wa kikapu. Kuhusu unyota, hapana. Nick Saban, aliyetwaa ubingwa wa taifa mara saba, mmoja akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU) na sita akiwa Chuo Kikuu cha Alabama, alikuwa beki wa kawaida wa Chuo Kikuu cha Kent State. Hakucheza ligi ya kulipwa ya NFL.

Tazama alivyopanda. Alianza mwaka 1973 hapohapo Kent State akiwa kocha msaidizi mwanafunzi. Kisha akapita Syracuse, West Virginia, Ohio State, chuo cha jeshi la wanamaji, Michigan State, halafu timu ya kulipwa ya Houston. Ukocha mkuu aliupata mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Toledo. Hiyo ni miaka 17 ya usaidizi, na Toledo kwenyewe alikaa msimu mmoja tu.

Ngazi ya kwanza ni hiyo ya msaidizi mwanafunzi. Chuo kinamlipia ada ya shahada ya uzamili na kumpa posho ndogo, kwa kawaida kwa miaka miwili. Kazi yake ni kukata video, kuchora mbinu za mpinzani kwenye kadi ili kikosi cha akiba kiziige mazoezini, na kukimbizana na kila kitu ambacho wakubwa hawana muda nacho. Baada ya hapo anapewa kundi moja la wachezaji, tuseme wapokeaji au mabeki. Anayefanya vizuri huwa mratibu wa mashambulizi au wa ulinzi, na kutoka hapo ndipo makocha wakuu wengi huchukuliwa. Wapo wanaoruka ngazi: Dabo Swinney alikuwa kocha wa wapokeaji pale Clemson alipokabidhiwa timu kwa muda, Oktoba 2008, na hakuwahi kuwa mratibu. Usiipange safari yako kwa mfano wake.

Wengi wanakwama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumfuata kocha mmoja kila aendako. Akitimuliwa, kwa kawaida benchi zima la ufundi linaondoka naye, na mikataba ya wasaidizi ni mifupi, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Ya pili ni kung'ang'ania jina kubwa. Curt Cignetti alikuwa msaidizi wa Saban pale Alabama, kiti ambacho wengi wangekilinda kwa meno. Akakiacha mwaka 2011 akawa kocha mkuu wa chuo kidogo cha daraja la pili huko Pennsylvania, akiwa anakaribia miaka 50. Kutoka hapo akaenda Elon, kisha James Madison, na mwishoni mwa 2023 akachukua Indiana, timu iliyokuwa imeshinda mechi 3 tu msimu huo. Msimu wake wa kwanza, 2024, alishinda 11 na kuingia mchujo wa ubingwa. Kwa maoni yetu, miaka ile ya kuendesha timu ndogo ilimfundisha mambo ambayo usaidizi haufundishi: bajeti, usajili, kumfukuza mtu kazi, na kusimama mbele ya wazazi.

Timu moja ina makocha kumi na zaidi. Sasa kocha mkuu mwenyewe anafanya nini wiki nzima?
*Msomaji, Mombasa*

Anagawa muda. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, hairuhusu wachezaji kufanya zaidi ya saa 4 za mazoezi na vikao kwa siku na saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na lazima wapate siku moja ya mapumziko. Siku ya mechi huhesabiwa saa 3 hata ikichukua kutwa nzima. Ndiyo maana mazoezi hukatwa vipande vya dakika tano tano. Vipande 24 ni saa mbili. Honi ikilia, kila kundi linahama. Kosa la kocha mchanga ni kusimamisha mazoezi amkaripie mchezaji mmoja huku wengine tisini wamesimama wakipoa. Kosa linarekebishwa baadaye, mbele ya video.

Mechi ni Jumamosi. Jumapili makocha huangalia video na kumpa kila mchezaji alama kwa kila mchezo, yaani kila jaribio moja la mpira ndani ya mechi, aliocheza, kisha wanaanza kumchambua mpinzani ajaye. Wachezaji wengi hupumzika Jumatatu. Katika mchezo huu timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9, kwa hiyo makocha wengi hufundisha majaribio ya kwanza na ya pili Jumanne, la tatu Jumatano, halafu Alhamisi wanafanyia kazi eneo la karibu na goli na dakika mbili za mwisho. Ijumaa ni kutembea tu bila kugongana, na kusafiri.

Jumamosi yenyewe, uamuzi wa kocha mkuu ambao hauna mbadala ni huu: jaribio la nne, tuupige mpira kwa mguu au tujaribu kusogea? Na lini tuombe kusimamisha saa, maana kila timu ina nafasi tatu tu kwa kila nusu ya mechi. Wakuu wanaochagua wenyewe kila mchezo wa kushambulia mara nyingi hujikwaa hapo. Macho yapo kwenye karatasi, saa inakimbia. Tangu 2024 timu za daraja la juu zinaruhusiwa redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja uwanjani. Lakini redio inakatika zikibaki sekunde 15 katika zile 40 za kuanzisha mchezo, na kocha aliyechelewa anamwacha kwotabeki wake, mchezaji anayeongoza mashambulizi, peke yake.

Huku kwetu tunafanya mazoezi saa tisa alasiri, jua kali. Makocha wa Marekani wanawajibika vipi mchezaji akizidiwa na joto?
*Mwalimu wa michezo, Tanga*

Mwalimu, swali hili tunaliweka mbele ya yote yaliyobaki, maana linahusu uhai wa vijana.

Mwaka 2018 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland alizidiwa na joto mazoezini mwishoni mwa Mei, akafariki wiki mbili baadaye. Chuo kilikiri kwamba hakupimwa joto la mwili ipasavyo wala hakuzamishwa kwenye maji baridi. Kocha mkuu alifukuzwa Oktoba ya mwaka huohuo.

Mwili huzoea joto polepole, kwa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo mazoezi ya Agosti huanza kwa kofia peke yake siku za mwanzo, kisha vinaongezwa vikinga vya mabega, na vazi kamili linakuja baadaye. Anayekuwa hatarini kuliko wote ni yule aliyetoka likizo, mnene, au aliyeumwa juzi na hataki kusema. Mbio za adhabu ndizo zinazoua zaidi ya mechi: mchezaji anapunguza kasi kwa sababu mwili unashindwa, kocha anadhani ni uvivu, anaongeza mizunguko.

Akianza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka au kuwa mkali ghafla, chukulia ni kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili hapo mara nyingi limepita nyuzi 40, na kipimo cha kwapani au cha paji la uso kitakudanganya kwa kuonyesha kidogo. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mzamishe mpaka shingoni katika beseni kubwa au pipa la maji ya barafu, mtu mmoja amshike kichwa, mwingine akoroge maji, mwingine apige simu ya msaada. Lengo ni kumshusha chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Pasipo barafu, mmwagie maji mengi mfululizo, mpepee, mweke kivulini. Pipa liwe limejaa kabla mazoezi hayajaanza. Na kama unaweza kuwaambia wakubwa wako, hamisheni mazoezi yaanze saa kumi na moja jioni.

Mwanangu ana miaka 17. Makocha wa vyuo viwili wamekuja nyumbani, kila mmoja anaahidi kusomeshwa bure. Mimi futiboli siijui. Niwaulize nini?
*Mama, Des Moines, Iowa*

Mama, hongera kwa malezi. Jua kwanza kwamba kusajili vijana ndiyo nusu ya kazi ya kocha mkuu. Anayekaa kwenye kochi lako amekaa kwenye makochi mengi, na ahadi ya mdomo haimfungi yeye wala mwanao. Kinachofunga ni mkataba wa msaada wa masomo, ulioandikwa na kusainiwa, kwa kawaida Desemba au kuanzia Februari.

Muulize: huu ni ufadhili kamili, wa sehemu, au ni nafasi ya kuingia timuni bila fedha? Hiyo ya mwisho hupambwa maneno matamu kiasi kwamba mzazi anaondoka akiamini amepata ufadhili. Ni wa mwaka mmoja au hadi amalize shahada? Akivunjika mguu, nani analipa hospitali, na masomo yanaendelea? Vyuo vya daraja la tatu na vile vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe kama Harvard, havitoi ufadhili wa michezo kabisa, vinatoa msaada kulingana na kipato cha familia, na vya daraja la tatu pia kwa alama za darasani. Kwa familia yenye kipato kidogo msaada huo unaweza kuwa mzuri sana, ila uuone kwenye karatasi.

Kisha muulize swali wasilolipenda: nani atamfundisha mwanangu kila siku? Jibu ni kocha wa kundi lake, si kocha mkuu. Omba kuzungumza naye. Uliza pia wako wachezaji wangapi wa nafasi yake na wako mwaka wa ngapi. Vyuo vikubwa vilivyoingia katika makubaliano ya mahakama ya mwaka 2025 sasa vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, lakini kikosi hakizidi watu 105, kwa hiyo nafasi za pembeni zimepungua. Na makocha wengi siku hizi wanapendelea kuchukua mchezaji wa miaka 21 anayehama kutoka chuo kingine kuliko kijana wa sekondari.

Makaratasi ya shule ndiyo yanayowaangusha watoto wengi wa familia zetu. Kwa daraja la kwanza NCAA inataka kozi 16 za msingi na wastani usiopungua 2.3, na kozi 10 kati ya hizo ziwe zimekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari kuanza. Kama alisoma sehemu nje ya Marekani, iwe Kongo, Tanzania au shule ya kambini, zitahitajika rekodi katika lugha ya asili pamoja na tafsiri iliyothibitishwa. Kuzipata kunaweza kuchukua miezi. Anza wiki hii. Mshauri wa masomo shuleni kwake anajua pa kujisajili.

Kocha anafukuzwa kwa kushindwa, halafu analipwa mamilioni. Kwa nini?
*Msomaji, Kisumu*

Mkataba. Chuo kikiogopa kumpoteza kocha kinaandika kwamba kikimtoa mapema kitamlipa miaka iliyobaki. Texas A&M ilimtoa Jimbo Fisher Novemba 2023 ikabaki na deni la zaidi ya dola milioni 75. Mikataba mingi ina kifungu kwamba akipata kazi nyingine malipo yanapunguzwa. Mkataba wa Fisher haukuwa nacho. Wanaoumia ni wasaidizi, ambao wengi wao hawana kinga ya namna hiyo, na wachezaji. Wachezaji hufunguliwa dirisha la kuhama kocha mkuu anapobadilishwa, lakini lina siku chache.

Ninafundisha soka katika chuo kikuu na nina leseni ya CAF. Naweza kufanya kazi hiyo Marekani?
*Kocha, Dodoma*

Kwa futiboli yao leseni yako haina kazi. Kwa soka ya vyuo vikuu vyao, mlango upo, na ni uleule wa msaidizi mwanafunzi. Sheria haidai leseni, ila shahada ya kwanza ni ya lazima karibu kila mahali, na leseni inakuongezea uzito kwenye maombi. Tafuta chuo chenye programu ya uzamili unayoimudu, vya daraja la pili na la tatu vikiwemo, na uwaandikie makocha wakuu moja kwa moja kabla ya Januari, ukiambatanisha video ya mazoezi yako ya dakika kumi na mpango wako wa wiki moja. Video ya magoli ya timu yako haiwaonyeshi unavyofundisha.

Jihadhari na viza. Ukiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1 unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na msimu wa soka unaangukia katikati ya muhula huo. Omba barua ya kazi inayotaja saa zako, na uionyeshe ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujasaini.